Trela la Mbwa Si Trela la Majani Chai

Kati ya Kapsoit na Kaplong huwezi kukosa fundi wa kuchomelea vyuma aliyewahi kuunda au kukarabati trela. Chai imemfundisha. Majani mabichi yakishachumwa lazima yafike kiwandani kabla hayajapata joto na kuharibika, na ndani ya mashamba makubwa sehemu ya kazi hiyo hufanywa na trekta zinazovuta matrela. Ndiyo maana kijana wa Kericho au Bomet anayetaka kuzunguka nyumba kwa nyumba akiosha na kunyoa mbwa huanzia kwa fundi huyo, na hapo hupewa ushauri kwa sauti ya mtu asiye na shaka hata kidogo. Nimeusikia ushauri huo mara nyingi. Sehemu yake kubwa si kweli, na naujibu kwa sababu anayelipia kosa si fundi. Hulipa mwenye biashara, na hulipa mbwa aliyefungwa mezani, ambaye hakuulizwa.

Neno la kwanza huwa hili: "Trela ni trela." Sivyo. Trela la majani chai hufuata trekta, na trekta huenda polepole na huwa na uzito wa kutosha kulizuia linapotaka kusukuma. Mengi hayana springi wala breki zake yenyewe, na majani hayalalamiki yakitikiswa. Trela la kuoshea mbwa litafuata Probox au Hilux kwenye lami ya Kericho kwenda Litein, kisha litaacha lami na kupanda murram yenye makorongo hadi kwenye boma la mteja. Ndani kuna tangi, bomba, jenereta, vioo, mikasi. Bila springi, baada ya miezi michache viungo vya bomba vitaanza kuvuja na nyufa zitatokea pale mlingoti wa kuvutia unapokutana na chesisi. Hapo ndipo pa kuinamia kwanza ukiwa kwa fundi. Tazama kama pamewekwa bati la kuimarisha kona au pameunganishwa kwa mstari mmoja wa kuchomelea na kufunikwa rangi.

Wengine husema dawa ni chuma kizito. Chuma kizito kilichounganishwa vibaya hukatika palepale ambapo chuma chepesi kingekatika, na kila kilo uliyoiweka kwenye chuma umeiondoa mahali pengine. Mahali penyewe ni maji, na juu ya maji nataka kukaa kidogo, maana ndipo watu wanapokosea zaidi.

"Weka tangi la lita 500, usije ukaomba maji kwa watu." Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita 500 ni nusu tani. Ongeza fremu, bodi, meza, beseni na jenereta, nawe unavuta tani moja, karibu sawa na Probox yenyewe ikiwa tupu. Na maji si mzigo uliotulia kama magunia ya mbolea. Tangi lililojaa hadi juu halisumbui sana. Baada ya mbwa kadhaa limefika nusu, na sasa ukikanyaga breki maji yanakimbilia mbele, ukikata kona yanakimbilia ubavuni, nalo trela linayafuata. Atakayetaka tangi kubwa atake pia kuta za ndani za kuyazuia maji yasicheze, na alikalishe juu ya ekseli. Likiwekwa nyuma kabisa ili mbele pabaki nafasi ya meza, pua ya trela huwa nyepesi na mkia huanza kuyumba gari likishika mwendo kwenye mteremko. Kipimo kinachotumika kwa kawaida ni kwamba kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote ilalie kwenye kiungio: trela la kilo 600 liweke kilo 60 hivi nyuma ya gari. Mizani ya kupimia magunia inatosha kuhakikisha.

Lakini kuna jambo rahisi zaidi. Tuko Kericho. Huku mvua ya mwaka hufika karibu milimita 2,000, na boma lenye paa la mabati bila tangi la kukingia maji ni nadra. Mbwa wa wastani, ukitumia bomba linalofungwa kwa kidole badala ya kumwagilia ndoo, anaweza kumalizika kwa lita 30 au 40. Tangi la lita 150 hadi 200 linakutosha kwa nyumba mbili au tatu, na mwenye nyumba hatakunyima ndoo kadhaa za maji ya mvua. Aliyezoea kazi hii mahali pakavu ana sababu ya kubeba maji mengi. Wewe huna.

"Gari likiwa na breki nzuri, trela halihitaji breki." Hili huwa nalijibu taratibu, kwa sababu ni watu wa hapa hapa tulioona. Tarehe 30 Juni 2023, pale makutano ya Londiani, lori lililobeba kontena lilitoka barabarani likavamia magari, wachuuzi na watu waliokuwa wakisubiri usafiri. Walikufa zaidi ya 50. Silinganishi trela la mbwa na lori lile. Nasema tu kwamba anayeishi kwenye miteremko hii hana udhuru wa kuuchukulia uzito unaosukuma kwa nyuma kuwa jambo dogo. Toka Kericho mjini ushuke hadi Ahero, umeteremka zaidi ya mita 800. Ukizishusha mita hizo ukiwa na trela la kilo 700 lisilo na breki, pedi za gari ndizo zinazopata moto kwa ajili ya magari mawili. Zipo breki zinazojikaza zenyewe trela linaposukuma kiungio. Mfumo wenyewe si wa ajabu, na fundi anayeujua vizuri yupo. Dai pia breki ya mkono, mnyororo wa akiba kando ya kiungio, na kabari mbili za magurudumu. Jiwe la kando ya barabara si kabari.

Mabonde hayaishii barabarani. Maboma mengi ya huku yako ubavuni mwa kilima, kwa hiyo trela litasimama limeinama. Sakafu iliyopewa mteremko wa kupeleka maji kwenye tundu nyuma itayarudisha mbele ikiwa nyuma ndiko juu. Jeki nne, moja kila kona, ndizo zinazolisawazisha. Aliyekwambia ni mapambo hajawahi kumshika mbwa wa kilo 35 juu ya meza yenye sabuni iliyoinama.

Hapo huja anayesema biashara yenyewe haipo: "Mbwa wa huku ni wa kulinda boma. Nani ataosha mbwa?" Ni kweli kwamba wengi ni walinzi, na kwamba wachache watataka manyoya yakatwe kwa mtindo. Lakini mlinzi huyo hulala nje, hupita kwenye majani marefu na ng'ombe, na hurudi na kupe masikioni, viroboto, upele, na pengine funza katikati ya vidole, funza wale wale wanaoingia miguuni mwa watoto. Mwenye boma hana haja ya urembo. Anataka mbwa asiyejikuna usiku kucha na asiyeleta wadudu mlangoni. Kazi ipo, ila ni kazi ya usafi na ngozi, na hilo linabadilisha trela unalopaswa kulitafuta. Kuchanja mbwa dhidi ya kichaa si kazi yako. Hiyo ni ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Lakini ukikubaliana naye siku ya kuzunguka pamoja, wateja wake ndio wako.

Kwa sababu hiyo siwezi kukubaliana na wanaosema sakafu ya mbao au plaiwudi iliyopakwa rangi inatosha. Mbwa mgonjwa wa parvo huacha virusi kwenye kinyesi na matapishi, na virusi hivyo hukaa hai kwa miezi mingi mahali palipo na unyevu na kivuli. Sabuni haiviui. Jiki iliyochanganywa na maji huviua, ikiachwa dakika kumi hivi juu ya sakafu iliyokwisha kusuguliwa ikawa safi. Ndani ya ufa wa mbao haifiki. Mtoto wa mbwa wa Kapkatet anayeoshwa Jumatano anaweza kufa kwa ugonjwa ulioletwa na mbwa wa Sotik Jumatatu, na mwenye trela asijue kamwe kwamba ni yeye aliyeusafirisha. Nataka sakafu ya kipande kimoja, ya faiba au ya chuma kisichoshika kutu, iliyopandishwa ukutani angalau upana wa kiganja ili pasiwe na kona ya kukusanya uchafu. Na isiteleze. Gharama yake inauma, nakiri. Punguza kwenye rangi, kwenye taa za mapambo, kwenye maandishi ya ubavuni, lakini si hapa.

"Paa ni mabati tu." Kericho inajulikana kwa mvua ya mawe, wakulima wa chai wanajua inavyochana majani kwa dakika chache. Ingia chini ya bati tupu la geji 32 mawe yakianguka, halafu ujifikirie wewe ni mbwa, umefungwa shingo mezani, na mtu anakukaribia jichoni na mkasi. Hata mvua ya kawaida ya alasiri, ambayo huku ni ya karibu kila siku, inatosha kumfanya aruke. Bati zito kidogo (geji 28 ni nene kuliko 32, namba ikipanda bati hupungua), sponji ngumu chini yake, kisha dari. Tabaka hiyo hiyo huzuia baridi ya asubuhi isimfikie mbwa aliyelowa. Weka pia matundu ya hewa mawili, moja chini na moja juu, kwa sababu kikaushio hupandisha joto upesi na mbwa wenye pua fupi huzidiwa kabla hujatambua. Jenereta na jiko la gesi la kuchemshia maji vikae nje ya chumba, hata kukinyesha. Moshi wake una sumu isiyo na harufu, na inaua mtu na mbwa pamoja.

Kuhusu sola nitasema kwa ufupi. Kikaushio cha wati 2,000 kikitegemea betri ya kawaida ya volti 12 na ampea-saa 100, ambayo haifai kutumiwa zaidi ya nusu, kitaimaliza kwa muda usiofika dakika 20. Sola iwashe taa na pampu.

Lipo kundi linaloamini trela lililotumika ng'ambo ni bora kuliko lolote la fundi wa hapa. Mengine ni mazuri kweli. Lakini lililoundwa kwa barabara za Marekani lina mlango upande wa kulia, na sisi huendesha kushoto: mteja atampokea mbwa wake katikati ya barabara, matatu ikipita. Umeme wake ni wa volti 120, wetu ni 240. Kiungio chake kinaweza kuwa cha vipimo vya inchi, na tofauti ndogo na kile cha milimita 50 huwezi kuiona kwa macho, bali utaisikia kwenye tuta. Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi: 1417 maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2017, hata kama kashata bado zinang'aa. Na liwe la nje au la Kapsoit, litasajiliwa kivyake na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na kupewa namba yake inayoanza na Z. Anayesema la fundi halihitaji karatasi hatakuwepo siku utakaposimamishwa.

Limebaki la maji machafu: "Ni sabuni tu, mwaga mtaroni." Si sabuni tu. Ni sabuni yenye dawa ya kupe, na dawa nyingi za namna hiyo huua samaki na nyuki hata zikiwa kidogo sana. Mtaro wa Bomet huteremka hadi Nyangores, na Nyangores ikikutana na Amala inakuwa Mara. Wa Sotik huishia Kipsonoi, kisha Sondu, kisha ziwani. Dai tangi la pili, la maji machafu, kando ya lile la kwanza juu ya ekseli ile ile: safi linapopungua, chafu linajaa, na uzito haubadiliki sana tangu asubuhi hadi jioni. Jioni maji yale yapelekwe kwenye shimo la maji taka, mbali na kisima.

Kabla hujamlipa fundi salio lake, mwombe ajaze tangi nusu, si hadi juu. Litoe trela uani kwake, lishushe mteremko mrefu mmoja na ulirudishe. Gusa vitovu vya magurudumu kwa mgongo wa mkono. Kilicho na moto kuliko mwenzake kina beringi au breki iliyobana. Kisha ingia ndani, funga mlango, umwambie mtu amwagie paa ndoo kumi za maji, nawe utafute kwa tochi mahali panapolowa.