Malalamiko Mawili, Kasoro Moja

Miongoni mwa michezo ya kompyuta inayopendwa na watu wanaotegemea akili kuliko wepesi wa vidole, iko aina moja ambayo mchezaji hukabidhiwa mji mdogo, askari wachache na kiasi cha uchawi, akaamrishwa ajenge dola. Na baada ya zamu mia mbili au zaidi, ikiwa amepanga vyema ushuru wake, mashamba yake na mapatano yake na majirani, hujikuta sultani wa nchi zenye majoka na majitu, na mahasimu wake wote wamesalimu amri. Ndani ya mchezo huo mna michezo miwili: wa ramani kubwa, ambako dola hujengwa, na wa uwanja wa vita, ambako majeshi mawili yakikutana, shughuli za dola husimama kwa muda na kila kikosi huongozwa hatua kwa hatua. Tangu Master of Magic, uliotungwa na kampuni ya Simtex chini ya Steve Barcia na kutolewa mwaka 1994, watungaji hawajaacha kuifungisha michezo hiyo miwili ndoa, wala wachezaji hawajaacha kuilalamikia ndoa hiyo.

Malalamiko yenyewe, ukiyasikiliza kwa juujuu, yanapingana. Kundi moja husema kwamba mapigano ni mengi mno, hukatiza kazi ya kujenga, na jeshi lililo kubwa mara tano kuliko la adui bado hudai kupangwa safu kwa safu kana kwamba matokeo hayajulikani. Kundi la pili husema kwamba mapigano ni mepesi na hayana ladha, kwa kuwa kompyuta haina akili ya kulinda hata wapiga mishale wake, basi yaongezwe ugumu, uchawi na silaha. Mtungaji aliyepokea shutuma hizo mbili asubuhi moja huona ana udhuru wa kusema kwamba kaumu hii hairidhiki, na kwamba salama yake ni kuziba masikio. Rai yangu ni kuwa udhuru huo haumfai, maana makundi hayo mawili yanalalamikia kitu kimoja, nacho ni pigano ambalo matokeo yake hayana uzito juu ya dola. Wa kwanza amechoka kwa sababu anajua kwamba atashinda na kwamba ushindi hautabadili neno. Wa pili anataka ugumu kwa sababu anatamani siku moja ashindwe, na kushindwa huko kumgharimu.

Chimbuko la kasoro hii ni hesabu ya dola yenyewe. Mji mmoja huzaa dhahabu ya kujengea wa pili, miwili huzaa ya kujengea minne, na jeshi lililoshinda leo hupata ujuzi wa kushinda kesho. Kwa hiyo aliyetangulia kidogo katika theluthi ya kwanza ya mchezo huwa amekwisha kushinda katika theluthi ya pili, na theluthi ya tatu yote hubaki kazi ya kufagia. Bao letu liliepuka tatizo hili kwa hikima kubwa: kete zinazotekwa husambazwa papo hapo katika mashimo ya mtekaji, na wingi huohuo humfanya awe na kitu cha kunyang'anywa, kwani shimo lililojaa katika safu ya mbele huweza kutekwa kwa mkupuo mmoja, na aliyekuwa akitamba akajikuta hana kitu. Katika michezo ya njozi ya kompyuta ushindi huleta mali, lakini aghalabu hauleti hatari pamoja nayo.

Tazama yaliyousibu mfululizo wa michezo ya Heroes of Might and Magic. Katika toleo la tatu, la mwaka 1999, shujaa hukaa nje ya mstari wa vita. Hupiga uchawi na kuyatia majeshi nguvu, wala hafikiwi na upanga, na viumbe wa kuajiriwa hupatikana mijini mwake kila mwanzo wa juma, hata kikosi kilichoangamia siku ya pili huacha pengo la siku nyingi. Toleo la nne, la mwaka 2002, likawaingiza mashujaa uwanjani wapigane kwa miili yao, na viumbe wakawa wanaongezeka siku kwa siku. Wachezaji wengi walilikataa, na toleo la tano, lililotungwa na kampuni ya Nival ya Urusi na kutoka mwaka 2006, likamrudisha shujaa mahali pake pa zamani. Wako waliowaita wachezaji hao wahafidhina wasiopenda jipya. Walakini lawama yao ilikuwa na mzizi, kwa sababu shujaa aliyekomaa katika toleo la nne aliweza kufyeka majeshi mazima peke yake, na mfalme ambaye mtu wake mmoja anatosha hana haja ya kuhuzunikia askari wala ya kutunza miji inayowalea. Si ajabu basi kwamba toleo la tatu ndilo ambalo mashabiki wenyewe wameendelea kulirefusha, na nyongeza yao iitwayo Horn of the Abyss, iliyoanza kutoka mwaka 2011, ingali hai.

Funzo jingine lilitoka kwa kampuni ya Stardock ya Marekani, ambayo mwaka 2010 ilitoa Elemental: War of Magic ukiwa na kasoro tele, dola yake haijaiva na vita vyake havina nyama. Mkuu wa kampuni, Brad Wardell, alikiri hadharani kwamba kazi ilitolewa kabla ya wakati wake, na waliokuwa wameinunua mwaka ule wakapewa mchezo uliofuata, Fallen Enchantress wa mwaka 2012, bila malipo. Jambo la busara zaidi ya fidia hiyo lilikuwa kumpa kazi ya mchezo huo mpya Derek Paxton, mtu aliyejulikana kwa Fall from Heaven, ulimwengu wa njozi alioujenga yeye na wenzake juu ya Civilization IV kwa mapenzi tu. Vivyo hivyo Master of Magic ulisahihishwa na mashabiki kwa miaka mingi, mpaka Caster of Magic, kazi ya mmoja wao iliyoupa mchezo ule wapinzani wenye akili zaidi, ikatolewa na kampuni ya Slitherine mwaka 2020 kama nyongeza rasmi. Watu hawa walikuwa wachezaji kabla ya kuwa watungaji, na walijua kwa uzoefu ni pigano gani huwafanya wachezaji wapige miayo.

Hata hivyo kuongeza uzito peke yake hakutoshi, kama uzito wenyewe haukutoka katika dola. Total War: Warhammer III, uliotolewa na Creative Assembly ya Uingereza Februari 2022, ulikuwa na hadithi iliyomlazimu mfalme kuiacha nchi yake kila baada ya zamu kadhaa, aingie katika milki za miungu minne ya machafuko kutafuta roho za wakuu wa mashetani, huku nyumbani milango ya mashetani ikifunguka na jirani akimnyemelea. Vita vya kuzipigania roho hizo vilikuwa na matokeo makubwa, ila mchezaji aliona kuwa dola aliyoijenga kwa jasho imekuwa mzigo unaomchelewesha katika mashindano ya mbio. Malalamiko yalikuwa makali, na Immortal Empires, ramani kuu isiyo na mbio hizo, ilipotoka Agosti mwaka uleule, ilipokewa kwa shangwe.

Nisidhaniwe kusema kwamba kila kelele ni hoja. Anayepaza sauti zaidi aghalabu ni yule aliyecheza mamia ya saa, na matamanio yake hayafanani na ya mgeni aliyeacha mchezo baada ya jioni mbili na kwenda zake kimya. Kwa hiyo mtungaji mwenye insafu hatapima malalamiko kwa ukali wake. Ataangalia ni mapigano yapi watu wanaiachia kompyuta iyaamue bila wao. Age of Wonders 4, uliotungwa na Triumph Studios ya Uholanzi na kutolewa mwaka 2023, humruhusu mchezaji aliyeiachia kompyuta pigano, akachukizwa na hasara, alirudie kwa mkono wake mwenyewe. Ni huruma njema, ila ni dawa ya dalili: pigano ambalo kila mtu huliruka lilistahili kutokuwapo.

Ninalowashauri watungaji, basi, ni kupunguza idadi ya mapigano na kuzidisha deni la kila ushindi: mji uliotekwa uwe na watu wa kulishwa na kutulizwa, jeshi lililoshinda lidai mishahara, majirani waogope na kuungana, na pale hesabu inapoonyesha kwamba hakuna awezaye kumshinda mtawala, mchezo umtawaze na kumwachia aende zake. Na wachezaji nao, wanapolalamika, waache kudai joka jipya na waeleze ni katika zamu ipi walipoacha kujali kama wangeshinda au wangeshindwa, kwa sababu taarifa hiyo moja humfaa mtungaji kuliko matusi mia na sifa elfu.