Bando Si Maktaba

Kuna kauli inayorudiwa kwenye vikao vya bajeti, kwenye korido za vitivo na hata kwenye vimbweta vya wanafunzi wenyewe: siku hizi kila kitu kiko kwenye simu, maktaba ya nini tena? Anayeitoa huitoa kwa kujiamini, na wanaomsikiliza hutikisa vichwa kukubali. Mimi nasema kauli hiyo ni ya uongo, tena uongo wenye madhara. Kwa jina lake vifungu vya fedha vinafyekwa, nafasi za wakutubi wanaostaafu zinaachwa wazi, na milango inafungwa mapema jioni. Anayeumia ni mwanafunzi asiye na pa kusomea na mtafiti kijana asiye na fedha ya kununua hata makala moja.

Tuanze na hiyo simu. Mwanafunzi wa udaktari pale Muhimbili akitaka kujua yaliyoandikwa karibuni kuhusu kifafa cha mimba, atafungua PubMed. Ataikuta bure, usiku wa manane kama mchana, na atadhani ni neema ya intaneti. PubMed ni kazi ya maktaba. Inaendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, na mizizi yake inarudi hadi 1879, John Shaw Billings alipoanza kuchapisha Index Medicus, orodha ya makala za kitabibu iliyopangwa kwa mada. Mwaka 1997 kazi hiyo ilifunguliwa bure kwa dunia nzima. Nyuma ya utafutaji wa sekunde mbili kuna zaidi ya karne moja ya watu waliokaa mezani wakisoma, wakipanga na kuorodhesha.

Akishaiona makala anayoitaka, abonyeze sasa aisome yote. Akiwa kwenye bando lake mwenyewe, mara nyingi atadaiwa dola 30, pengine 40. Dola 30 ni zaidi ya shilingi 70,000. Boom la mnufaika wa mkopo, yaani posho ya chakula na malazi, ni shilingi 10,000 kwa siku. Kurasa kumi za makala moja zinakula posho ya wiki nzima, na tasnifu ya uzamili haiandikwi kwa makala moja. Lakini akiwa kwenye mtandao wa chuo, mara nyingi ukurasa unafunguka tu. Imani ninayoipinga inazaliwa hapo hapo: kwa kuwa hakuona mtu akimfungulia, anaamini hakuna aliyefungua.

Aliyefungua yupo. Vyuo vya Tanzania vina ushirika wao wa maktaba, COTUL. Kenya wana KLISC, Uganda wana CUUL. Kazi ya vyombo hivi ni kukaa na wachapishaji wa Ulaya na Marekani, kupigania bei ambayo nchi zetu zinaweza kuimudu, kuchangishana, na kulipa tena mwaka unaofuata. Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza 2002 na sasa uko chini ya Research4Life, haumfikii mwanafunzi mmoja mmoja. Unaifikia taasisi iliyojiandikisha, na ndani ya taasisi mara nyingi ni mkutubi anayejaza fomu, anayetunza nywila na anayepiga kelele huduma ikikatika. Mchapishaji anautambua mtandao wa chuo kwa sababu kuna mtu aliyeuandikisha. Fedha ya usajili isipolipwa, simu ni ile ile, bando ni lile lile, na makala haifunguki.

Wapo watakaonijibu kwamba kuna njia ya mkato, Sci-Hub, tovuti aliyoianzisha Alexandra Elbakyan mwaka 2011, inayotoa makala bila idhini ya wachapishaji. Naelewa kwa nini mtafiti asiye na kitu anaikimbilia. Bei za wachapishaji hao ni dhuluma, na nitasema hivyo popote. Lakini chuo hakiwezi kuujenga utafiti wake juu ya tovuti inayohama anwani kila mara kwa kukimbia mahakama, na ambayo tangu ilipofunguliwa kesi India mwishoni mwa 2020 imebaki nyuma kwa makala mpya.

Tena, kupata ni jambo moja na kujua ulichokipata kina thamani gani ni jambo jingine. Mhadhiri msaidizi anayesubiri kupandishwa cheo hupokea barua pepe za majarida yanayomwahidi kumchapishia kwa siku chache, mradi alipe ada. Mengi ya majarida hayo hayana mhakiki wala mhariri wa kweli. Aliyeyaanika hadharani, kwa orodha aliyoitunza hadi Januari 2017, ni Jeffrey Beall, wakati huo mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado kule Denver. Leo limeongezeka tatizo la akili mnemba, ambayo ukiiomba marejeo inaweza kukupa jina la mwandishi wa kweli, mwaka unaoaminika na kichwa kizuri cha makala ambayo haijawahi kuandikwa. Wakutubi wanapokea maombi ya kutafuta makala za namna hiyo. Mtu wa kumkalisha mwanafunzi chini akamwonyesha jinsi ya kuthibitisha rejeo moja baada ya jingine ni mkutubi wa rejea, yule yule ambaye nafasi yake haijazibwa.

Na hicho kinachoitwa "kila kitu" hakiko kwenye simu. Ingia sehemu ya East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Idara ya Historia pale Mlimani iliwatuma wanafunzi vijijini kusini mwa nchi kuwahoji wazee waliozikumbuka siku za vita vya Maji Maji, au waliosimuliwa na waliokuwepo. Mkusanyo wa 1968 wa masimulizi hayo ndio unaotajwa hadi leo katika maandishi makini kuhusu vita hivyo. Wazee wale hawapo tena wa kuhojiwa upya. Kabla ya hapo J.W.T. Allen alizunguka pwani akikusanya miswada ya tenzi na barua zilizoandikwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu, pamoja na sauti kwenye kanda, na katalogi ya hazina hiyo ya chuo ikachapishwa 1970. Anayetaka kuelewa ushairi wa Kiswahili kabla ya hati za Kilatini hana budi kufika kwenye hazina za namna hii, na bado atahitaji mtu wa kumwelekeza jalada lipi lina nini.

Kupotea kwa vitu hivi si jambo la kufikirika. Aprili 18, 2021 moto ulioshuka kutoka Table Mountain uliteketeza chumba cha kusomea cha Jagger katika Chuo Kikuu cha Cape Town, na sehemu kubwa ya vitabu na filamu za mkusanyo wake wa masomo ya Afrika ikaungua. Vingi vilivyokuwa vyumba vya chini ya ardhi vilinusurika moto, na watu wa kujitolea walihangaika wiki baada ya wiki kuvitoa vikiwa vimelowa maji ya kuzimia moto. Hakuna aliyesema pale kwamba haidhuru, viko kwenye simu.

Lakini jambo linalonikera zaidi katika kauli hii ni jinsi inavyomsahau mwanafunzi mwenyewe, mwili wake, usingizi wake na hofu yake. Kusoma kunahitaji mahali. Wanaotoa kauli hiyo wengi wana ofisi yenye kiyoyozi na nyumba yenye chumba cha ziada. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyetoka Kibondo hana hivyo. Kama amepata kitanda hosteli, huenda wanabebana, wawili kitanda kimoja, kwa sababu mwenzake amekosa nafasi. Kama amepanga geto Changanyikiwa au Sinza, kuna redio ya jirani, joto la chini ya bati na umeme wa kununua kwa tokeni. Vimbweta vya nje ni vizuri hadi mvua inyeshe au giza liingie. Nje ya chuo, kila panapokalika lazima ununue kitu: chai, soda, chipsi. Maktaba ni mahali anapoweza kukaa saa nane mfululizo, kwenye mwanga, kwenye meza, karibu na soketi na choo, bila mtu kumuuliza ananunua nini.

Kwa mwanafunzi wa kike uzito wa jambo hili ni mkubwa zaidi. Wa kiume anaweza kupiga msuli kwenye darasa tupu hadi saa saba usiku na asifikirie mara mbili. Wa kike hupima kwanza: nani mwingine yupo humo, taa za njiani zinawaka, nitarudi na nani. Chumba chenye watu wengi, mlinzi mlangoni na mhudumu kaunta ni usalama wake. Ukikifunga mapema kwa hoja kwamba madesa, yaani notisi za masomo, yote yako WhatsApp, umempunguzia yeye saa za kusoma kuliko ulivyompunguzia kaka yake.

Wapo pia wasioona na wenye ulemavu mwingine, wanaohitaji programu ya kusoma kwa sauti, mashine ya breli na mtu aliyefunzwa kuvitumia. Vitu hivi haviingii kwenye bando la mtu yeyote.

Halafu kuna upweke, ambao vyuo vyetu vinautaja kwa nadra. Wiki ya UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula, mwenye sup mbili za kurudia na hofu ya kudisco, kuondolewa chuoni, hujifungia chumbani na simu yake, na simu hiyo hiyo inamwonyesha wenzake wakicheka. Akiketi kwenye ukumbi wa kusomea anaona kitu tofauti: vichwa mia vimeinama, na yule wa meza ya tatu, anayesifiwa kwa akili, naye anarudia ukurasa ule ule. Si lazima azungumze na mtu. Kuwa miongoni mwa watu wanaohangaika na jambo lile lile kunapunguza uzito ambao ushauri wa mdomo haupunguzi. Na mhudumu wa maktaba, aliye pale kila siku, ni miongoni mwa wa kwanza kumwona kijana aliyeanza kuja mlango ukifunguliwa, akalala juu ya daftari mchana kutwa na kuondoka bila kusoma. Simdai mkutubi awe daktari wa akili. Nadai apewe mafunzo ya kutambua dalili, na njia ya moja kwa moja ya kumfikisha kijana huyo kwa Mshauri wa Wanafunzi kabla mambo hayajaharibika.

Imani hii kwamba simu inatosha tuliwahi kuijaribu kwa vitendo. Machi 2020 vyuo vikuu vya Tanzania vilifungwa kwa sababu ya korona, na havikufunguliwa hadi Juni 1. Wanafunzi walirudi kwao na simu zao. Kama simu ni maktaba, miezi ile ingekuwa ya neema kwa kusoma. Kwa wengi ilikuwa miezi ya kupanda kilimani kutafuta mtandao, kuhesabu megabaiti na kusubiri chuo kifunguliwe.

Najua nitaambiwa kwamba serikali imejenga. Ni kweli, na nashukuru. Maktaba mpya ya Mlimani, iliyojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa Novemba 2018, inaweza kuhudumia watu 2,100 kwa wakati mmoja na kubeba vitabu 800,000. Jengo lile ni jibu zuri kwa wanaosema maktaba zimekufa. Lakini hata hilo lina viti kwa chini ya mwanafunzi mmoja kati ya kumi wa chuo kile, na jengo halijilipii usajili wa majarida wala halimfundishi mtu kutafuta. Jengo lina utepe wa kukatwa na picha za gazetini. Ankara ya mchapishaji haina utepe, na zamu ya usiku haina mgeni rasmi, ndiyo maana zinakuwa za kwanza kukatwa.

Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya upatikanaji wa majarida yetu iliegemea wafadhili, na wafadhili wanaondoka kwa ratiba zao. Kwa hiyo usajili wa majarida ya kielektroniki uwe kifungu cha kudumu katika bajeti ya kila chuo, kinacholipwa kama umeme unavyolipwa, na COTUL ipewe nguvu ya kujadiliana kwa niaba ya vyuo vyote. Nafasi za wakutubi wa rejea zizibwe. Wiki za mitihani ukumbi mmoja angalau ukeshe wazi, na usafiri wa usiku kwa wanaoishi nje ya chuo upangwe pamoja na saa hizo, maana kumfungulia mwanafunzi hadi usiku wa manane kisha kumwacha atembee peke yake hadi Changanyikiwa ni huduma nusu. Na mjumbe atakayesimama kwenye kikao kusema kila kitu kiko kwenye simu aombwe kufungua, kwa bando lake mwenyewe, makala tano zilizomo kwenye tasnifu ya mwisho aliyoisimamia, kabla kikao hakijapiga kura.