Kompyuta imekuwa nzito? Usikimbilie kununua diski mpya

Dada mmoja msomaji wa ukurasa huu anaomba ushauri. Kompyuta yao ya nyumbani ilitolewa diski ya zamani miaka mitatu iliyopita ikawekwa SSD, na tangu hapo ikawa inawaka kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Siku hizi inajikokota. Fundi wa kwanza kamwambia diski imekwisha, anunue nyingine. Wa pili kasema amwachie aifute yote, itarudi kama ilivyotoka dukani. Tatizo ni kwamba ndani yake mna picha za marehemu baba yao ambazo haziko mahali pengine popote. Amsikilize nani?

Kwa sasa asimsikilize hata mmoja, kwanza aelewe kinachoichosha diski yake.

Chukua trei ya mayai. Mayai unayapanga moja moja, lakini trei huwezi kuiosha shimo moja moja. Yai likivunjika, inabidi uhamishe yale mazima kwenye trei nyingine, uoshe trei nzima, ndipo upange upya. SSD iko hivyo hivyo. Inaandika kidogo kidogo, lakini haiwezi kuandika juu ya kilichopo. Lazima ifute kwanza, na hufuta fungu zima kwa pamoja. Diski ikiwa na trei safi za kutosha, kazi inakwenda. Ikijaa, kila unachohifadhi kinasubiri mayai yahamishwe na trei ioshwe.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Unapofuta faili, kompyuta hulifuta jina lake tu kwenye orodha yake. Diski yenyewe haina habari, inaendelea kulitunza na kulihamisha yai bovu kama zima. Ndiyo maana ikabuniwa amri iitwayo TRIM, ambayo huiambia diski kwamba hapa na hapa hapahitajiki tena. Windows 7, iliyotoka 2009, huituma yenyewe. XP na Vista hazikuwa nayo, na bado zipo nyumba zenye Windows hizo.

Kwa hiyo, dada yangu, anza na picha. Nunua diski ya nje au hata flashi mbili, nakili picha zote, kisha uzifungue kwenye kompyuta nyingine uone kama zinaonekana. Usiguse kitu kingine kabla ya hapo. Na kama kuna picha mtoto alizifuta kwa bahati mbaya na mnatumaini kuziokoa, izimeni kompyuta na mtafute mtaalamu wa kuokoa data mapema, kwa sababu TRIM ikishapita, matumaini ni madogo mno.

Picha zikishakuwa salama, punguza mzigo. Acha walau sehemu moja ya tano ya diski ikiwa tupu. Filamu ambazo watoto wameshaziangalia mara kumi zinaweza kuondoka. Kisha andika neno defrag kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, fungua kinachojitokeza, hakikisha diski yako imetajwa kuwa ni solid state drive, bonyeza Optimize. Jina lake linatisha, lakini Windows za sasa zikitambua SSD hutuma TRIM. Programu za mitaani zinazojisifu kupanga upya mafaili usizitumie. Hizo zilifaa diski za kuzunguka, hapa zinaongeza uchakavu tu. Baada ya hapo iache kompyuta iwake usiku kucha ikiwa kwenye umeme, bila kulala, diski ipate nafasi ya kuosha trei zake. Nyumba nyingi tatizo huishia hapo.

Lakini si kila uzito unatokana na kujaa. Mwaka 2014 wenye diski za Samsung 840 EVO waligundua kwamba mafaili yaliyokaa muda mrefu yanasomeka polepole mno, ilhali mapya yanasomeka kwa kasi ile ile. Kila chembe ya diski ile hubeba biti 3, hivyo diski hulazimika kutofautisha viwango 8 vya chaji. Chaji ikisogea kidogo kwa kukaa, kusoma kunakuwa kazi. Samsung ilitoa programu ya kurekebisha Oktoba mwaka huo, kasi ikarudi, halafu ikaanza kushuka tena. Mwaka 2015 ikatoa nyingine, inayoifanya diski iandike upya data za zamani yenyewe. Ndiyo maana nashauri uangalie kwenye tovuti ya mtengenezaji wa diski yako kama ametoa sasisho.

Yule fundi wa pili hakudanganya. Ipo amri ya Secure Erase inayoiambia diski isafishe trei zote kwa mpigo, mara nyingi kwa dakika chache, na kasi ya kuandika hurudi karibu na ya awali. Ila haibakizi kitu, Windows yenyewe inakwenda na hakuna wa kuirudisha picha. Iwe njia ya mwisho, na akiifanya, uwe umekaa pale pale dukani, nakala zako zikiwa nyumbani.

Na yule wa kwanza muulize ameipima kwa nini. CrystalDiskInfo ni programu ya bure inayoonyesha afya ya diski kwa asilimia. Ikionyesha afya mbaya, hapo ndipo ununue nyingine.