Nasaha za Ajira Zisingoje Joho

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria, nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa wasomi, hata mhitimu hakuhangaika kutafuta kazi, kwa kuwa kazi ndiyo iliyomtafuta yeye. Zama hizo zimekwisha. Lakini vijana wengi wangali wakisoma kana kwamba hazijakwisha, wakaja kuikumbuka ofisi ya ushauri wa ajira chuoni siku ya kupimiwa joho.

Nasadiki kwamba mwanafunzi yampasa kuingia humo tangu mwaka wa kwanza, si kwa kuomba kazi, bali kwa kutaka nasaha. Na achukue wasifu wake. Mshauri mwenye tajiriba huweka kalamu juu ya maneno "mchapakazi na mwaminifu", ambayo kila mwombaji huyaandika, akauliza: "Katika mafunzo kwa vitendo ulifanya nini hasa?" Kijana akijibu kwamba alipanga upya majalada ya mahakama ya mwanzo yaliyokuwa yamechanganyika, basi hilo ndilo la kuandikwa, maana humo mwajiri hupata ithibati. Usaili wa mazoezi nao ni hivyo hivyo: heri kigugumizi kimshike mtu mbele ya mshauri kuliko mbele ya jopo la Sekretarieti ya Ajira.

Wako wasemao kuwa kazi hupatikana kwa kujuana. Dhuluma hiyo ipo, sikatai. Lakini asiye na mjomba mwenye cheo ndiye mwenye haja zaidi ya ofisi hiyo. Nawasihi wanafunzi waende muhula huu huu, kabla nafasi za mafunzo kwa vitendo hazijagawanywa.