Stima Ikirudi kwa Kishindo

Stima inapopotea ghafla usiku, wengi wetu hukimbilia mshumaa au tochi ya simu. Tukishapata mwanga, twakaa tukingoja. Ni wachache wanaokumbuka kwenda kuchomoa plagi ya friji na ya runinga. Na hapo ndipo hasara inapopenyea, kwa maana mara nyingi kinachoua chombo si kuondoka kwa stima bali kurudi kwake.

Hebu tuanzie Wenje, kando ya Mto Tana, baina ya Hola na Garsen. Wenyeji wa huko wamezoea kuishi jirani na kima. Katika misitu ya pande hizo mna hifadhi ya kima wa Mto Tana, iliyotengwa mwaka 1976. Mkulima anawajua wanyama hawa kwa wizi wa ndizi na maembe. Lakini mwaka 2016, upande wa juu wa mto huo huo, tumbili mmoja alifanya makubwa kuliko kuiba ndizi.

Maji yanayopita Wenje huwa yamekwisha kuzungusha mitambo ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Tarehe 7 Juni mwaka huo, mwendo wa saa tano na nusu asubuhi, tumbili alipanda paa la mtambo wa Gitaru, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima. Mzigo wake ukaziangukia mashine nyingine za hapo, nazo zikaelemewa, zikazima. Megawati 180 zikapotea kwa mpigo mmoja, na nchi ikakaa bila stima kwa zaidi ya saa tatu. Tumbili mwenyewe alinusurika. Je, friji na runinga zetu nazo hunusurika siku kama hizo?

Vyombo vyetu hapa Kenya vimeundwa kutumia volti 240. Stima inaporudi, mafriji ya mtaa mzima huamka pamoja, na mota ya friji inapoanza huvuta stima mara kadhaa kuliko inapokuwa imeshatulia. Kwa hiyo volti huanguka, kisha hupanda, kisha huanguka tena. Zikizidi, huunguza vipande vidogo vilivyomo ndani ya runinga na kompyuta. Zikipungua, mota ya friji hujikaza bila kuzunguka, ikapata moto na kuungua. Pesa za mavuno ya msimu mzima zaweza kupotea kwa dakika moja.

Basi tufanyeje?

Kwanza, stima ikipotea, chomoa plagi za vyombo vya thamani. Acha taa moja tu ikiwa imewashwa ili ikujulishe stima inaporudi. Ikirudi, usiwe na pupa. Ngoja kama dakika tano, uone kwamba mwanga umetulia, ndipo uchomeke kimoja kimoja. Kwa friji kungoja huko ni lazima, maana gesi iliyomo huhitaji muda wa kutulia kabla ya mota kuanza upya.

Pili, kama uwezo upo, nunua kile kisanduku ambacho mafundi hukiita friji gadi, au cha runinga. Hicho hukata stima volti zikizidi au zikipungua, kisha hungoja kabla ya kuirudisha. Muuzaji akueleze kama kinafaa kwa chombo chako, kwani cha runinga si cha friji. Wala usidanganyike na kila ekstensheni yenye kitaa chekundu. Nyingi ni waya na matundu tu.

Tatu, usiitegemee fyuzi ya plagi. Kazi yake ni kuzuia waya usishike moto. Mpaka ikatike, kompyuta ya mtoto wako imekwisha kuungua.

Nne, mwite fundi mwenye leseni akague ethi ya nyumba, ule waya wa kijani na manjano. Kifaa cha kuzuia mruko wa stima huusukuma mruko huo ardhini kupitia waya huo. Bila ethi nzuri, umenunua pambo. Na ukiona taa zinang'aa kupita kawaida, mara zinafifia, zima swichi kuu na upige ripoti. Huenda waya wa nyutro umelegea mahali, na volti zaweza kupanda hadi kukaribia 415.

Tano, wingu likianza kutanda, chomoa mapema, pamoja na waya wa antena. Radi hupitia huko pia. Hata aliye na sola asijione yuko salama, kwa sababu radi inayopiga karibu yaweza kupitia nyaya za paneli mpaka ndani ya nyumba.

Na ikiwa chombo kimeshaungua? Usinyamaze. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 inazungumzia fidia kwa mteja ambaye mali yake imeharibiwa na stima mbovu. Andika tarehe na saa, hifadhi risiti ya ununuzi, pata maandishi ya fundi, kisha uripoti kwa kampuni ya umeme na ubaki na nambari ya malalamiko. Usiporidhika, peleka shauri lako kwa halmashauri ya EPRA. Jirani nao wakiripoti tukio lile lile, neno lenu litakuwa na uzito.

Leo jioni, wakusanye watoto. Waonyeshe swichi kuu iliko, na mpangane nani atachomoa nini giza likiingia. Somo hilo halina gharama, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Tukutane Jumapili ijayo.