Nyama Iliyosagwa: Ni Nani Aliyeisaga?

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Methali hii ilinijia akilini mwaka jana, nilipokesha usiku wa tatu kando ya kitanda cha hospitali alimolazwa mwanangu wa miaka tisa. Kosa lake lilikuwa dogo: alikula hambaga iliyopikwa nyumbani kwetu, kwa nyama niliyoinunua mimi mwenyewe ikiwa imekwisha kusagwa na kufungwa vizuri kwa karatasi ya nailoni. Daktari aliniuliza swali moja tu. Nyama hiyo ilisagwa lini, na nani? Mimi, mtu niliyefundisha sarufi kwa miaka mingi, sikuwa na jibu.

Walimu na wanafunzi wa Kiswahili wanaifahamu vyema kauli ya kutendwa. Kutokana na kitenzi “saga” tunapata “sagwa”, na aghalabu mtenda hutajwa kwa kiunganishi “na”. Lakini sarufi inaturuhusu kumwacha nje. Tunaposema “nyama iliyosagwa”, sentensi imekamilika na hakuna mtahini atakayekata alama, ila mtenda amefichika. Hatumjui, wala hatuujui mkono wake, mashine yake au mnyama wake. Katika mtihani jambo hilo halina madhara. Katika tumbo la mtoto lina madhara makubwa.

Hata majina ya vyakula hivi yana ujanja wake. “Hambaga” limetokana na Hamburg, mji wa Ujerumani, lakini wasemaji wa Kiingereza walilikata neno hilo mahali pasipostahili, wakadhani limeundwa kwa nyama ya nguruwe, ilhali inayotiwa ni ya ng'ombe. Neno letu “kima” nalo tulilipata kwa Wahindi, na asili yake ya mbali ni Kituruki, likiwa na maana ya kitu kilichokatwakatwa. Nayo lugha yetu ina “kima” mwingine arukaye mitini! Wanafunzi huucheka mzaha huo kila mwaka. Siku hizi mimi sicheki sana, kwa kuwa nyama ikishasagwa, jicho haliwezi kutambua ni kiungo gani cha mnyama kilichotiwa humo, wala kama kilikuwa kibichi au cha juzi.

Ipo sababu ya kisayansi inayoifanya nyama ya kusaga iwe na hatari kuliko pande zima. Viini vya maradhi hukaa zaidi juu ya uso wa nyama, na moto wa kikaango huviua upesi. Tukisaga, uso huo huchanganyika na ndani, na viini vikapata hifadhi katikati ya donge. Tena nyama ya kiwandani huweza kutoka kwa ng'ombe wengi, hivi kwamba mmoja mwenye viini akawachafua wote. Itakumbukwa kwamba mwishoni mwa 1992 na mwanzoni mwa 1993, hambaga ambazo hazikuiva vyema ziliwaambukiza zaidi ya watu 700 magharibi mwa Marekani bakteria iitwayo Escherichia coli O157:H7. Watoto wanne walifariki. Ni baada ya msiba huo ndipo serikali ya nchi hiyo, mnamo 1994, ilipopiga marufuku uuzaji wa nyama mbichi ya kusaga yenye kiini hicho.

Hapa kwetu tusijione salama. Mnamo Julai 2019, makala ya uchunguzi ya televisheni ilidai kuwa baadhi ya maduka makubwa yalitia nyama kemikali ya sodiamu metabisulfiti ili iliyochakaa ionekane nyekundu na mpya. Nchi nzima ilishtuka, kisha ikasahau.

Pendekezo langu ni jepesi: tusage wenyewe. Nenda katika bucha unaloliamini, uonyeshwe muhuri wa mkaguzi, uchague pande zima la bega au la kidari. Nyama ya ng'ombe wetu wa malishoni huwa kavu, kwa hiyo omba na kipande cha nundu, ili kwa kila sehemu nne za mnofu kuwe na moja ya mafuta. Nyumbani, nawa mikono, kata vipande vidogo, kisha uvitie katika friza pamoja na visu vya mashine kwa muda wa nusu saa hivi. Mafuta yakipata joto hupondeka badala ya kukatika. Asiye na mashine ya mkono atumie visu viwili vikali na ubao safi. Usitie chumvi mapema wala usikande kama unga wa chapati, maana chumvi huzifanya protini zinatane na hambaga ikawa ngumu kama soseji. Nyunyiza chumvi juu, donge linapoingia kikaangoni.

Hata hivyo, nisije nikawapotosha wasomaji. Kusaga nyumbani hakuui viini. Kunapunguza tu mikono iliyoigusa nyama na saa ilizolala. Lazima iive hadi ndani, kufikia nyuzi 71 za sentigredi. Rangi pekee haitoshi kuwa ushahidi, kwani nyama huweza kugeuka hudhurungi kabla ya kufikia joto hilo. Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya wenye nafasi na fedha. Sikubaliani nao. Kisu na ubao vipo katika kila jiko, na ubovu wa pande zima huonekana na kunuka hata kwa mtu asiye na shilingi ya ziada.

Walimu wa sayansi kimu na wa Kiswahili wanaweza kulifundisha somo hili kwa pamoja. Mwanafunzi aulizwe swali la mtenda kila anapokutana na kauli ya kutendwa: iliyosagwa na nani? Iliyopikwa na nani? Iliyokaguliwa na nani? Mwanangu alipona, namshukuru Mungu. Jumamosi iliyopita yeye ndiye aliyezungusha mkono wa mashine, nami nikamsikia akimwambia dadaye kwa fahari, “Nimesaga mimi.” Sentensi hiyo ni fupi, lakini mtenda wake anajulikana.