Mchekeshaji wee, jicheke kwanza!

VUTA kigoda msomaji wangu, leo nina kesi yangu mwenyewe. Safari hii simsemi mtu, najisema.

Ilianza kwenye sendofu ya binamu yangu. Emsii kachoka, kanipa maiki dakika mbili nichangamshe ukumbi. Mimi nikamwona shangazi yangu kakaa meza ya nyuma na kitenge ambacho si sare ya siku ile. Nikasema, "Jamani, shangazi kaja na sare ya sendofu ya mwaka juzi, tumrudishe au tumpe pilau?" Ukumbi ukaangua kicheko ile mbaya. Shangazi naye akacheka, mkono kauweka mdomoni. Nikajua basi, mimi ndiyo mchekeshaji, bado kusainiwa tu.

Keki ilipokatwa, shangazi hakuwepo.

Sikujali, nilikuwa nimelewa sifa. Baada ya wiki tatu nikajiandikisha kwenye baa moja Sinza wanakotoa nafasi kwa chipukizi. Siku hizi mambo haya yamechanganya, Dar kuna Cheka Tu, Nairobi jamaa wa Churchill walishaanza zamani. Nikaona na miye nimo. Nilipewa dakika tano. Vichekesho vyangu vyote vilikwisha kwa dakika mbili kasoro. Dakika tatu zilizobaki nilikuwa nasikia feni tu. Nilichemsha, msomaji wangu, mpaka mhudumu akaniletea maji bila kuagiza.

Kulikuwa na kaka mmoja mkongwe wa majukwaa pale, akanivuta pembeni. Nakugawia aliyonipa, usije ukaumbuka kama miye.

Kwanza, neno la kuchekesha linakaa mwisho. Mimi nilikuwa nasema, "Baba mwenye nyumba kang'oa mlango wangu kwa sababu ya kodi, kwa hiyo anaingia kunisalimia bila hodi." Hapo mlango umeshautaja mwanzo, mtu atacheka nini? Jamaa akaugeuza: "Baba mwenye nyumba wangu mstaarabu sana. Kodi ikichelewa hanigombezi, hanitukani. Anakuja asubuhi kunisalimia tu. Hata hodi hapigi, maana mlango kaung'oa." Maneno karibu yaleyale, ila siri kaifungia mwishoni. Na ukishalitoa hilo neno, usiongeze hata "yaani" moja.

Pili, nyamaza. Kicheko kina mwendo wake, kinapanda halafu kinashuka. Ukianza kichekesho kingine watu bado wanacheka, hawakusikii, na mara nyingine wataogopa kucheka wasije wakapitwa. Subiri kishuke karibu ya kuisha ndipo uingie tena. Mimi niliogopa kimya kama mtoto anavyoogopa giza, ndiyo maana nikamaliza mzigo wote haraka.

Tatu, fanya mazoezi mbele ya watu. Kwenye kioo utajidanganya. Unamjua Jerry Seinfeld wa Marekani? Mwaka 1998, akiwa tayari tajiri na anajulikana dunia nzima, aliamua kuvitupa vichekesho vyake vya zamani na kuanza upya. Filamu ya Comedian ya mwaka 2002 inamwonyesha kwenye vilabu vidogo akisahau maneno mbele ya watu, kama chipukizi. Marehemu Joan Rivers alikuwa na makabati yenye vichekesho alivyoviandika kwenye kadi, kimoja kimoja. Sasa wewe na mimi wa kukariri kwenye daladala tutafika wapi?

Nne, na hii ndiyo iliyonichoma: unamcheka nani? Yule kaka aliniuliza, "Hapa umekuja kumsema nani?" Nikamtajia: mhudumu, mlinzi, jamaa mnene wa meza ya mbele. Akaniambia, "Na wewe mwenyewe uko wapi?"

Wazee wetu walilijua hili. Mzaramo na Mnyamwezi wanatukanana mpaka msibani, mtani anaweza hata kumwigiza marehemu, na hakuna anayekasirika. Kwa nini? Kwa sababu ruhusa ipo tangu mababu, na kesho zamu inageuka, aliyecheka anachekwa. Mtu wa jukwaani hana utani wa kurithi. Ruhusa yake lazima aitafute dakika ile ya kwanza, na njia ya mkato ni kujianza mwenyewe. Richard Pryor alijiunguza vibaya sana kwa moto mwaka 1980, nusura afe. Mwaka 1982 akatoa filamu ya onyesho lake, Live on the Sunset Strip, na humo moto ule ule akaugeuza kichekesho. Hata King Majuto wetu, aliyetutoka Agosti 2018, kwenye filamu zake mara nyingi anayeumbuka ni yeye.

Usiku ule nikamkumbuka shangazi. Nilipofika nyumbani nikamuuliza mama kwa nini hakuvaa sare. Mama akaniangalia tu. "Pesa ya kitambaa aliitoa kwenye mchango wa ukumbi." Ule ukumbi niliosimama kumcheka, msomaji wangu!

Jumapili nikapanda gari la Mbagala, mkononi kilo mbili za sukari.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa."

Nikaomba radhi, maneno yakanikwama kuliko Sinza. Akanisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Akanimiminia chai. Kisha akauliza taratibu, bila kucheka:

"Lile shati ulilovaa sendofu, mwenyewe keshalidai?"

Akanyamaza. Akasubiri. Neno kaliweka mwisho, kimya kakiacha kifanye kazi. Nilicheka mpaka chai ikanipalia, naye ndipo akacheka, safari hii mkono haukwenda mdomoni.

Ni kweli, lile shati nililiazima kwa mshikaji wangu. Shangazi alilijua tangu siku ile, na maiki hakuiomba.

Nimemwomba ruhusa nikasimulie Sinza hayo ya shati. Kakubali, kwa sharti moja: akae meza ya mbele. Tukijaaliwa wiki ijayo nitakupa matokeo.